Mshikadhahabu: Kejeli Iliyohama Upande

Kila penye mabishano ya siasa huzaliwa majina ya kupachikana. Jina la namna hiyo halitungwi ili lieleze hoja ya mtu. Hutungwa ili hoja yake isisikilizwe. Mtu akishapachikwa jina, mpinzani wake huona kazi imekwisha, na wasikilizaji hucheka na kwenda zao bila kujua kilichokuwa kikibishaniwa. Wamarekani wanalo jina moja la aina hiyo ambalo limeishi kwa zaidi ya karne moja, na ambalo watumishi na walimu wetu hukutana nalo mara kwa mara katika magazeti ya kigeni na vitabu vya uchumi. Jina hilo ni "goldbug".

Tukilifasiri neno kwa neno, tunapata "dundu wa dhahabu" au "mdudu wa dhahabu". Lakini katika misimu ya Kiingereza cha Marekani, neno lenye maana ya mdudu hutumika pia kwa mtu aliyeshikwa na jambo moja mpaka likamtawala fikra. Kwa hiyo "goldbug" ni mtu anayeamini kwamba dhahabu peke yake ndiyo fedha ya kweli, kwamba akiba isiyo ya dhahabu ni karatasi tu, na kwamba serikali iliyoacha kuifunga fedha yake kwa dhahabu imewadanganya raia wake. Mwandishi Edgar Allan Poe alilitumia neno hilo kuwa jina la hadithi yake ya mwaka 1843, inayosimulia juu ya dundu wa rangi ya dhahabu na hazina iliyofukiwa ardhini. Hadithi hiyo haikuhusu siasa ya fedha. Siasa ililichukua neno baadaye, na ikalitia sumu.

Jambo ambalo yafaa tulitazame kwa makini ni kwamba jina hili halikukaa mahali pamoja. Lilianza likiwa kejeli ya wakulima wenye madeni dhidi ya wenye benki. Leo limekuwa kejeli ya mabingwa wa uchumi na wenye benki dhidi ya watu wasiowaamini. Madini ni yaleyale na neno ni lilelile, ila anayecheka na anayechekwa wamebadilishana nafasi. Hapana budi tujiulize: ilikuwaje?

Mkulima, deni na dhahabu

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, serikali ya Marekani ilichapa noti nyingi ambazo hazikuweza kubadilishwa kwa dhahabu. Vita vilipokwisha, wakubwa wa fedha walitaka nchi irudi katika utaratibu wa zamani. Mwaka 1873 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya sarafu iliyoiacha nje dola ya kawaida ya fedha nyeupe, na kuanzia mwaka 1879 noti ziliweza tena kubadilishwa kwa dhahabu. Tangu hapo dhahabu ndiyo ikawa kipimo cha thamani ya kila kitu.

Kwa mtu aliyekaa mjini na mtaji wake, huo ulikuwa uadilifu mtupu: dola ni dola, na deni ni deni. Kwa mkulima wa Kansas au Nebraska mambo yalikuwa mengine kabisa. Biashara na idadi ya watu viliongezeka upesi kuliko dhahabu, na bei za mazao zikateremka mwaka hata mwaka. Tuchukue mfano. Mkulima amekopa dola zinazolingana na bei ya magunia 100 ya ngano. Baada ya miaka kadhaa bei ya ngano imeshuka kwa theluthi moja. Deni katika daftari ya benki halikubadilika hata senti moja, lakini sasa mkulima huyo anahitaji magunia 150 ili alilipe, na riba juu yake. Hakuna aliyemwibia gunia hata moja. Kipimo chenyewe ndicho kilichorefuka.

Hapo ndipo yalipotoka madai ya wakulima kwamba fedha nyeupe nayo itengenezwe sarafu bila mpaka, kwa uwiano wa 16 kwa 1 dhidi ya dhahabu. Walitaka fedha iwe nyingi, bei zipande, na madeni yapungue uzito. Ile sheria ya mwaka 1873 waliiita uhalifu. Na wale waliosimama kidete kuitetea dhahabu, yaani wenye benki wa New York, wenye viwanda na wakopeshaji, wakapachikwa lile jina la mdudu.

Uchaguzi wa mwaka 1896 ndio uliolifanya jina hilo lijulikane nchi nzima. Chama cha Democratic kilikutana Chicago mwezi Julai na kumteua William Jennings Bryan wa Nebraska, kijana wa miaka 36, ambaye katika hotuba yake mashuhuri aliifananisha dhahabu na msalaba wanaosulubiwa juu yake watu wa kazi. Chama cha Republican kilimsimamisha William McKinley wa Ohio, mtetezi wa dhahabu. Wafuasi wa McKinley hawakulikana jina walilopachikwa. Walilitwaa wakalifanya pambo: walivaa kifuani beji zenye umbo la mdudu wa rangi ya dhahabu, na wafuasi wa Bryan nao wakavaa wadudu wao wa rangi ya fedha. Mbinu hiyo ni ya zamani, nayo hufaulu mara nyingi. Tusi likivaliwa na mwenyewe hadharani, hupoteza makali yake.

McKinley alishinda kwa kura 271 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 176 za Bryan, na mwaka 1900 dhahabu ikathibitishwa kwa sheria kuwa msingi pekee wa dola. Lakini msomaji asidhani kwamba hoja ya mkulima ilizikwa siku hiyo. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 1886, na mbinu mpya ya kuichenjua kwa sayanidi iliwezesha hata mawe hafifu kutoa faida. Dhahabu iliyochimbwa kwa jasho la Waafrika waliolipwa ujira duni ilimiminika katika masoko ya dunia, na pamoja nayo ile ya Klondike, Kanada. Fedha ikaongezeka, bei za mazao zikapanda. Nafuu aliyoinyimwa mkulima wa Nebraska na wapiga kura aliipata kwa kazi ya mchimbaji wa Afrika, wala mmoja hakumjua mwenziwe. Washindi wa mwaka 1896 walidai kwamba dhahabu haibadiliki. Iliyowatuliza wapinzani wao ni kule kubadilika kwake.

Jina lahama

Sasa tuone jinsi kejeli ilivyohama. Katika miaka ya mtikisiko mkubwa wa uchumi, mwezi Aprili 1933, Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia wa Marekani waikabidhi serikali dhahabu yao, sarafu na vipande, isipokuwa vito, sarafu za wakusanyaji na kiasi kidogo kilichoruhusiwa. Walilipwa dola 20.67 kwa wakia. Mwezi Januari 1934 serikali hiyohiyo ilitangaza kwamba bei ya wakia sasa ni dola 35. Aliyetii amri upesi aliona hazina yake ikipanda thamani ikiwa mikononi mwa mwingine. Jambo hilo halikusahauliwa, na mpaka leo ndilo la kwanza kutajwa na watetezi wa dhahabu wanapoulizwa kwa nini hawaiamini serikali.

Mwaka 1944, katika mkutano wa Bretton Woods, ilikubaliwa kwamba dola ifungwe kwa dhahabu kwa bei hiyo ya 35, na sarafu za mataifa mengine zifungwe kwa dola. Tarehe 15 Agosti 1971, Rais Richard Nixon alitangaza kwamba Marekani haitazibadilisha tena dola za mataifa kwa dhahabu. Fundo likafunguka. Tangu siku hiyo dola, na pamoja nayo shilingi zetu, husimama kwa sheria, kwa kazi ya watu na kwa imani yao, wala hazisimami kwa madini yaliyofungiwa ghalani.

Kuanzia hapo mtetezi wa dhahabu hakuwa tena mwenye benki. Wenye benki, mabingwa wa vyuo vikuu na wakuu wa hazina walikuwa wamekwisha kuhama. Aliyebaki ni raia mwenye shaka, mwenye kukumbuka ya 1933 na kuona bei za vitu zikipaa. Raia wa Marekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu mwishoni mwa mwaka 1974, na mwezi Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850. Serikali iliunda tume ya kuchunguza kama yafaa kurudi katika utaratibu wa zamani. Mwaka 1982 walio wengi katika tume hiyo walikataa. Mmoja wa wachache waliopinga uamuzi huo ni Ron Paul, mbunge wa Texas, aliyeendelea kuitetea dhahabu kwa miongo kadhaa. Watu wa aina yake ndio wanaoitwa sasa kwa jina lile lile walilopewa matajiri wa mwaka 1896.

Kila upande una haki yake

Ikiwa jina limeweza kuwafaa matajiri leo na wapinzani wao kesho, basi jina hilo halitufundishi lolote juu ya ukweli wa hoja. Hoja lazima ipimwe yenyewe.

Watetezi wa dhahabu wana jambo la kweli. Serikali iliyoshindwa kukusanya kodi hushawishika kuchapa noti, na anayelipa gharama ni mwenye mshahara, mwenye pensheni na mwenye akiba. Ujerumani iliyaona hayo mwaka 1923, na Zimbabwe iliyaona mwaka 2008, pale noti za mabilioni zilipokuwa hazitoshi kununulia mkate. Mwalimu aliyeweka akiba maisha yake yote aliamka na kukuta akiba yake hainunui kitu. Kumcheka mtu anayeliogopa jambo hilo ni utovu wa kumbukumbu.

Wapinzani wao nao wana jambo la kweli. Mwaka 1925 Uingereza iliirudisha pauni katika dhahabu kwa thamani ya kabla ya vita. Bidhaa zake zikawa ghali katika masoko ya nje, makaa ya mawe yakakosa wanunuzi, wenye migodi wakataka kupunguza ujira, na mwaka 1926 nchi ikakumbwa na mgomo mkuu. Mwezi Septemba 1931 iliachana na dhahabu. Fedha iliyofungwa imara humlinda mwenye nazo, lakini kufungwa huko huweza kumwangukia mfanyakazi asiye na akiba ya kulinda.

Tena, dhahabu yenyewe si ngome isiyotikisika kama wasemavyo. Aliyeinunua kwa dola 850 mwezi Januari 1980 aliiona ikishuka hata chini ya dola 260 mwaka 1999. Alingoja hadi mwaka 2008 ndipo bei ile ya 850 ikaonekana tena, na wakati huo bei za vitu nchini Marekani zilikuwa zimekwisha kuongezeka zaidi ya mara mbili. Miaka 28 ni umri wa utumishi wa mtu. Kwa upande mwingine, Uingereza iliuza tani zipatazo 395 za dhahabu yake kati ya mwaka 1999 na 2002, bei ikiwa chini kabisa, na kufikia Oktoba 2025 wakia moja ilikuwa imevuka dola 4,000. Muumini alipata hasara kwa kununua wakati wa homa, na bingwa alipata hasara kwa kuuza wakati wa dharau.

Tumwiteje kwa Kiswahili?

Hapa walimu wa lugha wana kazi. Tukisema "mdudu wa dhahabu", msikilizaji wa Kiswahili atafikiri juu ya mdudu anayetafuna mali, na maana itapotea. "Mlevi wa dhahabu" na "mwabudu dhahabu" ni hukumu zilizotolewa kabla ya kesi kusikilizwa. "Mpenda dhahabu" nalo ni jina pana mno: kila bibi harusi wa Pwani angeingia katika kundi hilo. Mama anayeweka bangili zake kuwa akiba, na siku ya shida akaziweka rehani ili mtoto aende shule, hana ugomvi wowote na Benki Kuu. Anafuata busara ya wazee kwamba akiba haiozi. "Goldbug" ni zaidi ya hapo. Ana mafundisho, ana historia ya dhuluma anayoisimulia, na anayo siku anayoingoja ambapo noti zote zitaanguka na yeye ataonekana kuwa alisema kweli.

Kiswahili kina neno "mshikadini", yaani mtu aliyeishika dini yake barabara. Kwa mfano huo twaweza kusema "mshikadhahabu", na wengi wao "washikadhahabu". Neno hilo linabeba mambo mawili kwa pamoja: kuishika dhahabu mkononi na kuishika kama itikadi. Tena halitukani. Mwenyewe akiitwa hivyo anaweza kuitika, na mpinzani wake anaweza kulitumia bila kuonea. Hiyo ndiyo sifa ya istilahi njema, kwamba pande zote mbili za ubishi zaweza kuitumia na ubishi ukaendelea.

Kwetu jambo hili si geni

Msomaji aweza kuuliza: ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwanza, kwa kuwa tunayo dhahabu. Geita, Bulyanhulu, North Mara na Chunya si majina ya hadithi. Pili, mabenki makuu ya dunia, ambayo kwa miaka mingi yaliwaona washikadhahabu kuwa watu wa zamani, yalinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka katika miaka ya 2022, 2023 na 2024. Benki Kuu ya Tanzania nayo imo katika ununuzi huo. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kuiuzia Benki hiyo.

Lakini tusichanganye mambo. Benki Kuu inayoweka dhahabu pamoja na fedha za kigeni inapanua akiba ya taifa. Haidai kwamba shilingi irudishwe katika dhahabu. Mkulima mwenye busara huweka mahindi, mtama na muhogo, wala hatumwiti mshikamtama.

Jambo la tatu linamhusu mtumishi mwenyewe. Mwenye mshahara wa mwezi na pensheni ya kesho ni mdai: anangoja kulipwa shilingi za idadi iliyopangwa, na bei zikipanda yeye ndiye anayepunjwa. Kwa upande huo anafanana na wale waliovaa beji ya mdudu mwaka 1896. Lakini mtumishi huyohuyo, akiwa amekopa katika chama cha akiba na mikopo ili ajenge nyumba, ni mdaiwa kama mkulima wa Nebraska, na bei pamoja na mishahara vikipanda deni lake hupungua uzito. Wengi wetu tu watu wa pande zote mbili katika siku moja. Kwa hiyo, kabla mtu hajaingia katika kundi la kuisifu dhahabu au la kuicheka, na achukue karatasi aandike upande mmoja anachodai na upande wa pili anachodaiwa. Karatasi hiyo itamweleza mengi kuliko majina ya magazetini.

Na anayetaka kuiweka akiba yake katika dhahabu, asiende kwa homa. Dhahabu haizai riba wala kodi ya nyumba. Pambo la karati 18 lina dhahabu robo tatu tu, na la karati 22 lina sehemu 22 kati ya 24. Gharama ya sonara anayoilipa mnunuzi dukani hairudi siku ya kuuza. Matapeli nao hawakosekani, kwani palipo na homa ya dhahabu shaba hung'arishwa. Anayenunua na auze na kununua mahali pa halali, penye mizani na risiti, kama masoko ya madini yaliyofunguliwa nchini tangu mwaka 2019.

Ubishi juu ya dhahabu hautakwisha, kwa sababu chini yake lipo swali ambalo kila taifa lazima lilijibu upya: fedha inapobadilika thamani, nani abebe hasara, anayedai au anayedaiwa? Mwaka 1896 Wamarekani walilijibu kwa kura, baada ya miezi ya kuitana wadudu. Mwalimu atakayelileta neno hili mbele ya wanafunzi wake asiishie kwenye kejeli, bali awaulize swali hilo, kisha awape nafasi ya kulijibu wenyewe.